Namna Mtoto Mdogo Ajifunzavyo Kuunga Sentensi

Mtoto aingiapo darasa la kwanza huwa amekwisha kujua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Aweza kusema, "Mama amesema nisipite njia ya mtoni, kwa sababu mvua ikinyesha maji hujaa." Katika maneno hayo machache zimo sentensi nne, moja imeshikana na nyingine: yuko aliyesema, liko agizo lake, iko sababu ya agizo, na ndani ya sababu liko sharti. Vitabu vya sarufi vya siku hizi huziita sentensi za namna hii sentensi changamano, na mwanafunzi wa sekondari huzichambua kwa jasho. Mtoto wa miaka sita huzitumia bila kujua kuwa zina jina. Tumeona ni vema kueleza hapa alizipata wapi, kwa maana sisi tulio walimu tusipojua alivyozipata, huenda tukawa ndio wa kumkatiza njiani.

Wengi hudhani kwamba mtoto hujifunza maneno kwanza, kisha huyapanga, kisha huyaunga, kama fundi akusanyaye matofali kabla ya kujenga. Wachunguzi waliokaa na watoto na kuandika kila walilosema wameona vingine. Bwana Ronald Scollon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 juu ya mazungumzo ya mtoto mmoja mchanga, alionyesha kwamba mtoto huanza kusema jambo refu kabla hajaweza kusema sentensi ndefu. Hulisema kipande kipande, na katikati ya vipande vyake mtu mzima hutia neno. Sisi twaweza kuliona jambo hilo katika ua wowote ule. Mathalani:

– Kuku.
– Kuku amefanyaje?
– Mekula.
– Amekula nini?
– Unga.
– Ala! Kwa nini amekula unga?
– Mlango wazi.

Ukiyatazama maneno ya mtoto peke yake, ni manne au matano tu, tena hayakuungwa. Lakini ukiyatazama mazungumzo yote, sentensi nzima imo: kuku amekula unga kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Maswali ya mama ndiyo uzi, na maneno ya mtoto ndiyo shanga. Baada ya miezi kadha mtoto huyo atashika uzi na shanga mwenyewe, na kuyasema yote kwa pumzi moja. Kwa hiyo "kwa sababu" ya mtoto ilizaliwa katika "kwa nini" ya mama. Naye alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi kabla hajaweza kujiuliza na kujijibu ndani ya sentensi yake.

Uchunguzi mwingi wa jambo hili umefanywa kwa watoto wasemao Kiingereza. Bibi Lois Bloom na wenzake, katika makala yao ya mwaka 1980 juu ya watoto wanne, waliona kwamba kiungo cha kwanza ni kile kilicho sawa na "na" yetu, nacho huanza kutumika baina ya miaka miwili na mitatu, na viungo vya wakati na vya sababu hufuata nyuma yake. Hayo yaweza kutufaa, ila yatupasa kukumbuka kwamba Kiswahili hakiungi kama Kiingereza. Mwingereza huweka neno zima mbele ya sentensi ndogo, neno ambalo sikio hulipata kwa urahisi. Mswahili mara nyingi huficha kiungo chake katikati ya kitenzi, nacho ni silabi moja tu. "Unakula" na "ukila" ni mbali sana kwa maana, lakini tofauti yake ni kama punje. Vivyo hivyo "alipokuja", "asipokuja", "angekuja", "aliyekuja": mzizi ni ule ule, na kazi yote ya kuunga imebebwa na vijisilabi vya katikati.

Bwana Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake juu ya watoto wadogo wanne wa Nairobi kilitoka mwaka 2005, alieleza kwamba watoto wa Kiswahili, wanapoanza kutumia vitenzi, mara nyingi huacha kiambishi cha mtendaji au cha wakati, lakini ni shida kuwakuta wakitia kiambishi kisichopatana na mtendaji. Jambo hilo ni la kutia moyo. Maana yake ni kwamba mtoto hababaiki ovyo. Huacha asichokishika bado, na akishacho hukiweka panapostahili. Basi mtoto asemapo, "Baba kuja, tacheza," huenda sharti analo moyoni, ila silabi ya "-ki-" haijafika ulimini. Mzazi hamwambii, "Umekosea." Humjibu, "Ndiyo, baba akija mtacheza." Amemrudishia maneno yake yale yale, yamevikwa nguo. Tangu mwaka 1970 Bwana Roger Brown na Bibi Camille Hanlon walionyesha, katika nyumba za Marekani, kwamba wazazi hukubali au hukataa neno la mtoto kwa kuwa ni kweli au si kweli, wala hawajali sana kama limepangika. Twaamini kwamba mzazi wa kwetu ni hivyo hivyo. Mtoto akisema kuku kala unga na kumbe ni mbuzi, atasahihishwa kwa ajili ya mbuzi.

Sasa tuangalie swali moja dogo ambalo kila mama huliuliza mara nyingi kwa siku. Mtoto amekuja na kipande cha muwa, au amekuja akilia. Mama huuliza, "Umepewa na nani?" au, "Ni nani aliyekupiga?" Swali la kwanza lina kitenzi cha kutendwa, la pili lina kitenzi chenye "-ye-" ya kurejea. Yote mawili huhesabiwa na wenye elimu kuwa sarufi ya juu, na watoto wa Kiingereza walisemwa kuwa hawashiki vema vitenzi vya kutendwa mpaka wamefikia miaka minne au mitano. Lakini Bibi Katherine Demuth, aliyeishi na watoto wa kijijini katika Lesotho na kuandika maneno yao, alieleza mwaka 1989 kwamba watoto wa Kisotho hutumia vitenzi vya kutendwa kabla hawajatimiza miaka mitatu. Sababu yake imo katika lugha yenyewe. Kisotho hakikubali kuuliza "Nani amekupa?" kwa kuweka neno la kuuliza mahali pa mtendaji, hapana budi mwulizaji aseme "Umepewa na nani?" au "Ni nani aliyekupa?" Basi watoto husikia namna hizo kila siku, katika mambo yawahusuyo wenyewe, nao huwajibika kujibu. Kiswahili ni ndugu wa Kisotho, na ingawa chenyewe huruhusu "Nani amekupa?", namna hizo nyingine mbili zimejaa vinywani mwa wazazi. Mtoto ajibuye, "Juma ndiye aliyenipiga," hakuchukua "aliyenipiga" hewani. Alipewa "aliyekupiga" na mama yake dakika ile ile, akabadili "-ku-" kuwa "-ni-".

Kubadili huko kwa "-ku-" kuwa "-ni-" ndiko kiini cha jambo lote, na hatujui mahali kunapofanyiwa kazi zaidi kuliko katika kutumwa. Mtoto wa kwetu hutumwa tangu ajuapo kutembea. Mwanzoni hutumwa kitu: "Niletee kijiko." Baadaye kidogo hutumwa neno. Mama humwambia, "Nenda kwa shangazi yako, umwambie kama ana chumvi anipe kidogo, kesho nikienda sokoni nitamrudishia." Mtoto akifika husema, "Shikamoo, shangazi. Mama amesema kama una chumvi umpe kidogo. Kesho akienda sokoni atakurudishia." Tafadhali msomaji aziweke sentensi hizo mbili pamoja azitazame. "Ana" imekuwa "una". "Anipe" imekuwa "umpe". "Nikienda" imekuwa "akienda". "Nitamrudishia" imekuwa "atakurudishia". Hakuna kitenzi hata kimoja kilichobaki kama kilivyokuwa, na hata hivyo ujumbe haukubadilika hata chembe. Katika darasa la juu twaliita zoezi hilo "kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa", na wanafunzi hulichukia. Mtoto wa miaka mitano amelifanya njiani, huku akifukuza panzi.

Mtoto aliye mdogo zaidi hafaulu mara moja. Hufika na kusema, "Mama kasema anipe chumvi." Shangazi humwuliza, "Nani akupe? Wewe ndiwe utakaye chumvi, au mama yako?" Mtoto husimama, hufikiri, husema, "Umpe mama." Hapo kuna mafunzo mazuri kuliko yote tuyajuayo, kwa kuwa kosa lake limezuia chumvi, wala hakuna aliyemkemea. Na safari haijaisha, maana kuna majibu ya kurudisha. Shangazi humwambia, "Mwambie mama yako hata mimi sina; nimemtuma dada yako dukani, akirudi nitampelekea." Nyumbani mama huuliza, "Amesemaje?" na mtoto hana budi kujibu, "Amesema hata yeye hana. Amemtuma dada dukani, akirudi atakuletea." Hata "dada yako" imegeuka kuwa "dada", na "kupeleka" kumekuwa "kuleta", kwa sababu sasa amesimama upande mwingine.

Siku hizi, tena hata vijijini, mama huchukua simu na kuongea na shangazi mwenyewe. Chumvi huja upesi zaidi. Hatusemi simu ni mbaya, lakini mtoto aliyekuwa akibeba sentensi changamano kutoka nyumba hii mpaka nyumba ile sasa amekaa mlangoni akisikia nusu ya mazungumzo.

Kadhalika hadithi za jioni. Bwana Holger Diessel, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya watoto wasemao Kiingereza, ameonyesha kuwa sentensi zao za kwanza zenye kurejea ni za kuonyesha kitu kilichopo, kama vile "Hiki ndicho alichoninunulia baba." Sehemu ya kwanza haina habari mpya, habari yote imo katika kurejea. Nasi twajua kuwa msimulizi wa hadithi huanza vivyo hivyo baada ya "Paukwa" na "Pakawa": alikuwako mtu ambaye alikuwa na kitu ambacho kilifanya hivi na hivi. Mtoto hupewa mtu mmoja tu wa kumshika, kisha hufungiwa mzigo juu yake.

Lakini kurejea kwa Kiswahili kuna mtego. Tukisema "kuku aliyemla mgeni", ni nani aliyeliwa? Sarufi haitujibu. Kuku huchukua viambishi vya watu kwa kuwa ni kiumbe hai, basi maneno hayo yaweza kuwa ya kuku aliyeliwa na mgeni, au ya kuku mmoja wa kutisha sana. Mtu mzima hucheka, kwani anajua desturi ya kuku na wageni. Mtoto naye huongozwa na mambo anayoyajua. Ndiyo maana sentensi hizi hufunzwa vema katika mazungumzo, ambamo kuku yupo chunguni na mgeni yupo mkekani, na hufunzwa vibaya ubaoni, ambapo hawapo wote wawili.

Yafaa tutahadhari tusije tukafanya desturi za watu wa Ulaya na Marekani kuwa kanuni ya malezi yote. Bibi Elinor Ochs na Bibi Bambi Schieffelin walieleza mwaka 1984 kwamba Wakaluli wa Papua New Guinea hawasemi na watoto wachanga kwa lugha ya kitoto, bali humwelekeza mtoto neno la kumwambia mtu mwingine, kisha humwambia alirudie; jambo ambalo si geni kwetu tusemao, "Sema, 'Ahsante, babu.'" Na Bwana Robert LeVine na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1994 juu ya Wagusii wa Kenya, walionyesha kwamba mama wa Kigusii alimbembeleza na kumshika mtoto wake sana, lakini hakuzungumza naye kwa wingi kama mama wa Boston. Hata hivyo Wagusii hawakuwa mabubu. Mtoto alilelewa pia na dada zake na watoto wenziwe, nao hawakunyamaza. Basi tusemapo "wazazi", tuwahesabu pamoja na bibi, na yaya mwenye miaka minane, na kaka mwenye kuchunga mbuzi. Lililo lazima ni kwamba yuko mtu amsemeshaye mtoto, na amngojaye ajibu.

Na shuleni je? Hapa tuna neno la kusema na wenzetu. Mwaka 2002 Bibi Janellen Huttenlocher na wenzake huko Chicago walitoa habari za watoto wa shule za awali. Walihesabu katika usemi wa kila mwalimu ni sehemu gani ya sentensi zake iliyokuwa changamano, wakawapima watoto mwanzoni mwa mwaka na mwishoni. Mwanzoni usemi wa mwalimu na ufahamu wa watoto havikuhusiana, kama itazamiwavyo, kwa kuwa walikuwa hawajakaa pamoja. Mwishoni, watoto waliokaa na mwalimu atumiaye sentensi changamano kwa wingi walikuwa wameendelea zaidi katika kuzifahamu.

Tupime usemi wetu kwa mizani hiyo. "Hiki ni nini?" "Kitabu." "Ni cha nani?" "Cha mwalimu." "Wangapi wamefika?" "Ishirini." Maswali kama hayo hayana nafasi ya kuunga neno lolote. Wako waonao upungufu huo, wakaamuru watoto wajibu kwa sentensi kamili, basi mtoto husema, "Kitabu hiki ni kitabu cha mwalimu." Imekuwa ndefu, lakini haikuunga kitu. Kisha mtoto yule ajibuye kwa neno moja huandikwa kuwa mzito wa akili, na jioni yake yuko uani anamweleza nyanya yake kwa nini ndama alikatika kamba, ni nani aliyemfunga, na ambavyo asingekatika kama angalifungwa na babu. Tumeona watoto wa namna hiyo wengi. Mwalimu aulizaye, "Ungefanyaje kama ungekuwa wewe?" au, "Umejuaje kwamba amekasirika?" huwa amekwisha kumpa mtoto nusu ya jibu.

Liko jambo zito zaidi, nalo lahusu ushauri tuwapao wazazi. Katika Tanzania shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, nazo ziko shule za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza. Basi mwalimu humwambia mama asemaye Kisambaa, "Msemeshe mtoto Kiswahili, asije akachelewa," na mwalimu mwingine humwambia mama Mswahili, "Msemeshe Kiingereza." Mama kwa kumtakia mtoto heri hutii. Lakini ni lugha gani ataisema? Mtu ajuaye lugha kwa nusu huwa na majina ya vitu na huwa na amri: njoo, kaa, leta, acha, kula. Asivyokuwa navyo ni hivi tulivyovieleza katika kurasa hizi: "kama", "ijapokuwa", "asije akaanguka", "yule niliyekuambia jana". Hawezi kumweleza mtoto sababu, wala kumwahidi kwa sharti, wala kumtuma neno kwa shangazi. Hatimaye mtoto huja shuleni akiwa na majina ya vitu katika lugha ya shule, na katika lugha ya mama yake hana zaidi ya hayo, kwani mama aliacha kuisema.

Mtoto aliyezoea kuunga kwa Kisambaa huja na maungo yote tayari. Anajua sharti ni nini, na sababu, na kwamba maneno ya mtu mwingine yaweza kubebwa ndani ya maneno yake mwenyewe. Linalobaki ni kumwonyesha kwamba hapa silabi ni "-ki-" na pale ni "-po-". Tumejaribu darasani kuwapa watoto wa namna hiyo kazi ya kutumwa: mmoja hupelekwa darasa la pili kumwambia mwalimu wa huko kwamba, kama amemaliza kutumia ramani, atuletee, na kama hajamaliza, atuambie atamaliza saa ngapi. Juma la kwanza hurudi na ramani bila neno. Juma la tatu au la nne hurudi bila ramani, akasema, "Mwalimu amesema hajamaliza, lakini ukiwa unaihitaji sasa hivi, nirudi nikamwambie, naye atanipa."